Kompyuta ya Kwaya na Hesabu ya Mnara



Safari hii hatuanzi na somo la Dominika, bali na ombi lililoletwa mbele ya Halmashauri ya Walei ya parokia yetu hapa Kilwa, mara baada ya msimu wa ufuta kumalizika. Wanakwaya walikuwa wamelima shamba la ufuta kwa mikono yao wenyewe, wakauza mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, na baada ya kulipa gharama zote wakabakiwa na shilingi 1,750,000. Waliomba fedha hizo zitumike kununua kompyuta ya kutengenezea muziki, iwekwe katika chumba kidogo cha nyumba ya mapadre, pamoja na kishikwambi ambacho tumekuwa tukikitumia kwa miaka kadhaa. Ombi lilikuwa la mistari mitatu tu. Kulijibu kulituchukua miezi mitatu, na katika miezi hiyo tulijifunza mambo ambayo hatukufundishwa seminarini. Kwa kuwa baadhi yenu mmetuuliza pia ni kompyuta gani inayomfaa kijana anayependa kutengeneza muziki nyumbani, tumeona vema tuwashirikishe.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, ambayo Kanisa huisoma Dominika ya 23 ya Mwaka C, Bwana wetu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo hana budi kuketi kwanza na kupiga hesabu ya gharama, aone kama anavyo vya kumalizia, asije akaweka msingi kisha akashindwa, na wapita njia wakamcheka. Mara nyingi tumelihubiri fundisho hilo tukiwa na ndoa, wito na kujikana nafsi akilini mwetu. Hatukuwahi kudhani kwamba siku moja tungelihitaji dukani Kariakoo.

Tuanze na ukweli unaotuuma. Neno kishikwambi limezoeleka nchini hasa tangu sensa ya Agosti 2022, ambapo makarani walivitumia vifaa hivyo kuhesabu watu, na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Cha kwetu kilikuwa zawadi ya mfadhili mmoja, nasi tulikitumia kusali Masifu, kusoma barua na kurekodi nyimbo tulipotembelea vigango. Kwa kazi hiyo ya mwisho kinafaa mno: ni chepesi, betri yake inadumu siku nzima, hakitishi watu, na ukikiweka juu ya meza katikati ya jumuiya, wazee husahau kwamba kipo.

Palikuwa na katekista mstaafu katika kigango kimoja cha ndani, mzee mwenye asili ya Kimwera, aliyetunga nyimbo kwa zaidi ya miaka 40 bila kuandika hata nota moja. Jioni moja, chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba yake, alituimbia nyimbo 11, nyingine kwa Kiswahili na nyingine kwa Kimwera. Kishikwambi kilizinasa zote. Tuliondoka tukiwa na furaha kubwa, tukaahidi kuzihamishia mahali salama. Hatukufanya hivyo. Juma lilifuata juma, Kwaresima ikaja, Pasaka ikapita. Mzee akaugua, na Bwana akamwita. Miezi miwili baada ya mazishi, tulipokuwa tukishuka kutoka mashuani baada ya kuwatembelea waamini walio kisiwani Songo Songo, kishikwambi kilituponyoka kikaangukia maji ya chumvi. Fundi aliweza kukifufua, lakini yaliyokuwamo hayakupatikana tena. Zilisalia nyimbo 4 tu, kwa sababu mwalimu wa kwaya alikuwa ameziomba kwa WhatsApp, nazo zilikuwa zimebanwa hata sauti imepungua uhai. Nyimbo 7 zilizikwa mara ya pili. Kosa lilikuwa letu sisi, wala si la mashine. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Ndiyo maana ombi la wanakwaya lilipofika mezani hatukuweza kulichukulia kama anasa ya vijana. Tuliketi na mwalimu wa kwaya, mwenyekiti wa walei na kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi katika studio ya muziki jijini Dar es Salaam, tukapiga hesabu. Tulijizuia kuuliza swali ambalo kila mtu huliuliza kwanza, yaani kompyuta ipi ni bora kuliko zote. Badala yake tuliuliza: ni kazi gani ambayo kishikwambi kimeshindwa kutufanyia?

Majibu yalikuwa matatu. La kwanza, kuunganisha sauti nyingi. Ukirekodi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, pamoja na kinanda na ngoma, unapata njia nane au zaidi zinazopaswa kupigwa kwa pamoja, kupunguzwa hapa na kuongezwa pale. Kishikwambi chetu kilikuwa kikikwama zikifika sita. La pili, kuandika nota. Vidole juu ya kioo kidogo vinachosha, na mwalimu wetu anahitaji kuandika, kufuta, kuchapa na kugawa karatasi. La tatu, kutunza. Rekodi nzuri ni nzito. Njia moja ya sauti katika kiwango kinachotumika sana, cha kilohezi 48 na biti 24, hula takriban megabaiti 8.6 kwa kila dakika. Wimbo wa dakika tano wenye njia nane unakaribia megabaiti 350, na kwa kuwa hakuna kwaya inayoimba sawasawa mara ya kwanza, mtazidisha mara tatu. Nyimbo 12 za kanda moja zaweza kufikia gigabaiti 12 kabla hata hamjaanza kuzisafisha.

Kutokana na majibu hayo, jambo moja lilitudhihirikia, nalo ndilo tungependa mlichukue hata mkisahau mengine yote. Kishikwambi ni kikapu cha kuvunia. Kompyuta ni ghala. Mkulima wa ufuta habebi ghala kwenda nalo shambani, wala halali na mavuno yake ndani ya kikapu. Anayetaka kununua kompyuta ili ifanye yale ambayo kishikwambi chake kinayafanya vizuri anatupa fedha. Na anayetaka kishikwambi kiwe ghala atakuja kulia kama tulivyolia sisi.

Hata hivyo, kujua kazi si kumaliza vishawishi. Kishawishi cha kwanza kilikuja kwa sura ya ukarimu. Muumini mmoja anayeishi Dar es Salaam alisikia habari zetu, akajitolea kuongeza fedha ili tununue kompyuta mpya ya Apple. Tulimshukuru kwa dhati, na kwa kweli hoja zake zilikuwa na uzito. Kompyuta hizo ni kimya, hazili umeme mwingi, na zinakuja na programu ya GarageBand bila malipo ya ziada. Tena aliye na kishikwambi cha kampuni hiyohiyo anaweza kuanza wimbo kwenye kishikwambi na kuuendeleza kwenye kompyuta, iwe kwa GarageBand au kwa ndugu yake mkubwa, Logic Pro. Kijana anayefanya kazi peke yake nyumbani, mwenye kishikwambi cha aina hiyo na fedha za kutosha, hatakosea akifuata njia hiyo.

Lakini sisi hatukuwa tukimnunulia mtu mmoja. Kishikwambi chetu ni cha mfumo wa Android, hivyo ule urahisi wa kuhamisha kazi usingekuwapo. Kumbukumbu ya kompyuta hizo haiongezwi baada ya kununua. Unachokichagua dukani ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho. Na ikiharibika, hapa Kilwa hakuna wa kuifungua. Ingebidi isafiri karibu kilomita 300 hadi Dar es Salaam. Mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwezi Mei na barabara ikakatika eneo la Somanga, tulijifunza kwamba umbali huo si mfupi kama ramani inavyodai. Tulimwomba mfadhili wetu fedha zake zisaidie kulipa karo ya watoto wawili wa jumuiya yake ya zamani, naye akakubali kwa moyo mkunjufu.

Kishawishi cha pili kilikuwa kikali zaidi, kwa sababu kilikuja kwa sura ya kawaida. Dukani tulionyeshwa kompyuta mpakato iliyotumika, ya bei nafuu, na muuzaji akasema kwamba kwa shilingi 30,000 zaidi angetuwekea programu zote za muziki zinazotumiwa na studio kubwa, zote zikiwa zimevunjwa kufuli. Kijana wetu aling'aa uso. Mwalimu wa kwaya alinyamaza. Sisi tukasema tutoke nje kidogo.

"Baba Paroko," kijana alianza kwa heshima, "naomba nisionekane mbishi. Lakini studio niliyofanyia kazi ilikuwa hivyohivyo, na nyingine nyingi ninazozijua. Programu hizo kwa bei halali ni zaidi ya fedha yote tuliyo nayo. Tukikataa, tutarudi na mashine tupu."

Tulimjibu, "Mwanangu, hiyo ni amri ya saba."

"Ninajua, Baba. Lakini ni nani tunayemwibia? Kampuni iko Ulaya, wala haijui kwamba Kilwa ipo."

Wapendwa, tulikuwa na jibu la darasani, nalo ni sahihi: mali haiachi kuwa ya mwenyewe kwa sababu mwenyewe yuko mbali. Lakini kabla ya kulitamka, mwalimu wa kwaya alisema jambo lililotufunga kinywa. Alisema, "Baba, na zile nota tunazotoa fotokopi kila mwaka? Watunzi wake si wa Ulaya. Wengine tunawafahamu kwa sura."

Hapo, pembeni ya barabara ya Kariakoo, tulitambua kwamba tulikuwa tayari kumnyooshea kidole muuzaji huku kabati letu la kwaya likiwa limejaa vitabu vya watunzi wa nchi hii tulivyonakili bila kuomba ruhusa wala kulipa hata senti. Tulikuwa tumezoea kuita jambo hilo ukata. Mtunzi wa nyimbo za Kanisa katika Tanzania kwa kawaida ni mwalimu, mtumishi au mkulima, anayeandika usiku baada ya kazi. Anaponyimwa hata ile haki ndogo ya kitabu chake kununuliwa, anaibiwa na watu wanaouimba wimbo wake kwa machozi. Hatukuweza kumwambia kijana yule asiibe programu bila kuahidi kwamba nasi tutaacha. Tuliahidi palepale, na kwaya imekwisha kuanza kununua vitabu halali, kimoja kimoja kadiri ya uwezo, na kuwapigia simu watunzi tunaowafahamu.

Basi tuliingia tena dukani, tukaomba mashine tupu. Na hapa tuwape maelezo kamili, kwa faida ya wale walioomba ushauri.

Tulinunua kompyuta mpakato iliyotumika kwa shilingi 850,000. Tulichagua mpakato, wala si ya mezani, kwa sababu umeme unapokatika katikati ya wimbo, betri huokoa kazi. Tulitazama mambo manne. Kwanza, umri wa kichakato. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kompyuta za Intel, Windows 11 inakubali kwa ujumla zile za kuanzia kizazi cha 8, zenye chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kompyuta nyingi za bei ya chini madukani ni za kabla ya hapo, na muuzaji hatakwambia usipouliza. Pili, kumbukumbu ya gigabaiti 16. Nane zinatosha kwa kuanzia, lakini zikiwa nane, hakikisha pana nafasi ya kuongeza. Tatu, diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, kwa kuwa ina kasi na haina mlio wa kuingia kwenye kipaza sauti. Nne, hali ya matundu, feni na betri, ambayo tuliipima kwa kuiacha ifanye kazi saa nzima bila umeme wa ukutani, tukiwa tumekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa.

Kisha tulinunua saundikadi ya nje yenye matundu mawili ya vipaza sauti, kwa shilingi 380,000. Wengi huiona kuwa ya ziada, kumbe ndiyo moyo wa kazi. Sauti inayoingia moja kwa moja kwenye kompyuta hurudi masikioni ikiwa imechelewa, na mwimbaji anayesikia sauti yake imechelewa huanza kujikanyaga mwenyewe kama mtu anayetembea huku akitazama kivuli chake. Saundikadi nzuri hupunguza ucheleweshaji huo na kutoa umeme wa volti 48 unaohitajiwa na vipaza sauti vyepesi vya kunasa. Matundu mawili yanatosha: kwaya nzima hurekodiwa vizuri kwa vipaza sauti viwili vilivyowekwa mbele yake, kisha waimbaji wa pekee huongezwa mmoja mmoja. Aidha, vishikwambi vingi vya kisasa vyenye tundu la USB-C vinaweza kupokea saundikadi ya namna hiyo, hivyo fedha yake haipotei hata kwa yule ambaye hajapata kompyuta.

Kuhusu programu, kijana wetu alishangaa kuliko sisi. Kwa kurekodi tulichukua Reaper, ambayo leseni yake nafuu kwa watu binafsi na asasi zisizo za kibiashara ni dola 60, kama shilingi 150,000 hivi. Ni nyepesi na inakubali kompyuta ndogo. Yeyote asiye na kiasi hicho anaweza kuanza na Audacity, ambayo ni bure na halali. Kwa kuandika nota tulichukua MuseScore, nayo ni bure. Mwalimu wetu alikuwa na huzuni kidogo, kwani amezoea Finale kwa miaka mingi, kama walivyo walimu wengi wa kwaya nchini. Lakini Agosti 2024 kampuni inayoitengeneza ilitangaza kwamba, baada ya miaka 35, haitaiendeleza tena. Tunawasihi walimu wa kwaya wanaosoma ukurasa huu: kama nyimbo zenu ziko ndani ya Finale, zitoeni sasa kwa muundo wa MusicXML, ambao programu nyingine huusoma, wakati kompyuta zenu bado zinaifungua.

Mwishowe tulinunua diski mbili za nje kwa shilingi 300,000. Jumla ikawa shilingi 1,680,000, na shilingi 70,000 zilizobaki zikasaidia nauli. Diski hizo mbili ndizo zilizogharimu mabishano makubwa kuliko vyote, kwa kuwa wanakwaya walitamani kipaza sauti kipya. Tuliwakumbusha nyimbo 7, na hakuna aliyebisha tena. Utaratibu wetu sasa ni huu: kila rekodi inakuwa na nakala tatu, moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski iliyo kabatini, na moja kwenye diski inayokaa kwa padre mwenzetu mjini Lindi, ambayo hubadilishwa kila tunapokutana kwa mafungo au vikao. Kuna waliouliza kwa nini tusiweke kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tunaweka zile nyepesi. Lakini mwezi uleule wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota nchini kote. Ghala lisilo na mlango siku ya mvua si ghala la kutegemea peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo duka la Dar es Salaam halikuweza kutufundisha, nalo ni la pwani hii. Jirani yetu, fundi wa simu na kompyuta, ni Mwislamu, kama walivyo wengi wa ndugu zetu hapa Kilwa. Siku tuliyofika na mashine alikuja kuisalimu, akatazama chumba, akatikisa kichwa. "Padri," alisema, "ukiiweka hapo dirishani, upepo wa bahari utaila kabla ya mwaka kwisha. Chumvi haina huruma." Alituonyesha pa kuiweka, akatuambia tuifunike kwa kitambaa inapopumzika, tuhifadhi saundikadi ndani ya kopo lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo watu huvitupa wanaponunua viatu, na tusiichomeke ukutani bila kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme. Ushauri wote huo aliutoa bure.

Chumba chenyewe tumekitandika magodoro ya zamani kutani. Tunarekodi kati ya swala na swala, kwa sababu adhana ya msikiti wa jirani huingia kwenye vipaza sauti, nasi hatuna haki wala nia ya kumtaka mtu asimwite jirani yake kusali. Fundi wetu hutukumbusha muda. Nasi, anapokuwa na msiba au harusi, tunanyamazisha spika zetu. Kijana mmoja wa kwaya alisema kwa utani kwamba ratiba yetu ya studio imepangwa na muadhini. Sisi tunaona si utani tu. Mji huu umezoea tangu kale kuishi na sauti za wageni na wenyeji pamoja.

Wapendwa, huenda mmoja wenu anajiuliza: je, paroko hana kazi nyingine hata ajishughulishe na diski na nyaya? Tunajibu kwa kumbukumbu moja. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati zake mbili za kwanza siku moja: ya Liturujia, ambayo ina sura nzima kuhusu muziki mtakatifu, na ya Vyombo vya Mawasiliano ya Jamii. Katika ile ya kwanza, Mababa wa Mtaguso waliagiza kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima inayostahili. Katika ile ya pili waliwataka waamini wavitumie vyombo vya kisasa kwa ajili ya wema. Mwaka huohuo Mtanzania mwenzetu, Padre Stephen Mbunga, alichapisha utafiti wake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mzee wetu wa chini ya mwembe hakusoma hata moja ya maandiko hayo, lakini aliyaishi. Kuyaacha matunda yake yapotee ndani ya kifaa kilicholowa chumvi kulikuwa kutotii kwa uvivu.

Kanisa limewahi kuwaheshimu waliotengeneza vyombo vya kutunza wimbo. Katika karne ya 11 mmonaki Mbenediktini, Guido wa Arezzo, alisumbuliwa na waimbaji waliotegemea kichwa tu, akapanga nota juu ya mistari na kuzipa silabi, ili kijana aweze kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Solfa tunayoiimba kila juma ukumbini ni mjukuu wa kazi hiyo. Kwa hiyo mashine ya kutunza wimbo si adui wa sala.

Lakini tunasema pia kwa uwazi: kompyuta hii haitaimba Misa. Maagizo ya Kanisa ya mwaka 1958 kuhusu muziki mtakatifu yalikwisha kukataza vyombo vinavyopiga muziki uliorekodiwa visichukue nafasi ya waimbaji katika liturujia, na sababu yake ni nyepesi kueleweka: sifa ni tendo la watu walio hai waliokusanyika. Wimbo uliorekodiwa ni wa kujifunzia, wa kuwafikia wagonjwa, wa kuwakumbuka marehemu. Siku ambayo wanakwaya wataona ni afadhali kubonyeza kitufe kuliko kuja mazoezini, tutaiuza mashine hiyo tulime tena ufuta.

Kazi ya kwanza tuliyoifanya ilikuwa zile nyimbo 4 za marehemu katekista. Kijana wetu alizisafisha kwa siku kadhaa, akaondoa mlio wa upepo na kuongeza uhai wa sauti kadiri ilivyowezekana. Kisha tukamwalika mjane wake aje asikilize. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akavishwa hedifoni juu ya kilemba chake, akafumba macho. Katika wimbo wa tatu alinyoosha mkono kutaka tusimamishe.

"Baba Paroko," alisema, "hapa kati alikohoa. Mbona sikisikii kikohozi chake?"

Kijana alieleza kwa adabu, "Bibi, nilikifuta ili wimbo uwe safi."

"Mrudishe, mjukuu wangu. Huyo ndiye yeye."

Kwa kuwa tulikuwa na nakala ya awali, kikohozi kilirudishwa. Mama yule akasikiliza hadi mwisho, akatuambia kwamba wimbo mmoja kati ya zile 7 zilizopotea anaukumbuka ubeti wake wa kwanza, na kwamba dada wa marehemu, aliye kigangoni, huenda anaukumbuka wa pili. Juma lijalo tutakwenda huko. Tutabeba kishikwambi, na jioni hiyohiyo, kabla ya kula, tutahamishia ghalani kile tutakachokuwa tumevuna.

Basi, mpendwa msomaji, unapotaka kununua chombo, kiwe cha muziki au cha kazi nyingine, keti kwanza upige hesabu kama Bwana alivyofundisha. Usihesabu fedha peke yake. Hesabu pia ni kazi gani unaitaka, ni nani atakayeitumia, ni nani atakayeitengeneza ikiharibika, ni ya nani ile programu iliyo ndani yake, na zaidi ya yote, ni kitu gani ambacho hutaki kipotee. Na kama nyumbani kwako kuna mzee anayeimba, usisubiri kompyuta. Anza na simu uliyo nayo, leo.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, atuombee. Roho za marehemu waamini kwa rehema ya Mungu zipate rehema, zipumzike kwa amani. Tunawatakia nyote juma jema lenye baraka.

Tumsifu Yesu Kristo!